Vitabu Vilivyokosa Kurasa za Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba moja ya Iringa mjini, sikukabidhiwa kitabu cha kusoma. Nilikabidhiwa kopo la gundi, brashi na rundo la vitabu vilivyochakaa. Mkuu wa Maktaba, mzee wa Kihehe asiyependa maneno mengi, alinionyesha mgongo wa kitabu, yaani pale kurasa zote zinaposhikana.

"Baridi ya huku inakausha gundi," alisema. "Kurasa za mwisho ndizo zinadondoka kwanza. Kitabu kikikosa mwisho, binti, hakirudi rafuni. Msomaji atakuja kutugombeza sisi."

Vitabu vya namna hiyo viligongwa muhuri wa KIMEONDOLEWA, vikasubiri kuchomwa. Kazi hiyo tuliiita kupalilia. Roho iliniuma kuona riwaya nzima inachomwa kwa ajili ya kurasa chache.

"Mzee, naomba nikavisome nyumbani."

"Chukua. Ila usinirudishie takataka hapa."

Ndivyo chumba changu cha Kihesa kilivyojaa hadithi zisizo na mwisho. Vijana wanaoandika huniuliza ni vitabu gani vilivyonifundisha kutunga, wakitegemea nitaje majina makubwa. Ni vitabu hivyo vibovu tu. Hadithi ikikatika, nilirudi mwanzo kutafuta mwandishi alikuwa anaelekea wapi: nani ametajwa mapema bila sababu, ugomvi gani umeachwa bila kusuluhishwa. Hakuna mwalimu aliyewahi kunibana kiasi kile.

Kimoja kilinishika kuliko vingine. Mama mmoja anatembea kwa miguu kwenda kumtoa mwanawe gerezani. Anafika mtoni, maji yamejaa, anavua viatu. Basi, kurasa zimekwisha. Niliishi na mama huyo miaka mingi, na hatimaye nikaanza riwaya yangu ya kwanza. Mama wa riwaya yangu alikuwa muuza ulanzi, pombe ya mianzi, safari yake nyingine kabisa, lakini na yeye nilimpa mto wa kuvuka.

Nilihamishiwa Mbeya mswada ukiwa karibu kwisha. Huko nikakuta nakala nzima ya kitabu kile rafuni. Sikuigusa. Kama mwisho wake ungefanana na wangu, kazi yangu yote ingekuwa bure, na ningeitwa mwizi. Mkutubi wa Mkoa, mwanamama wa Kinyakyusa, aliniona ninavyoizunguka ile rafu, akaniuliza nina nini. Nikamweleza.

"We dada, kisome leo leo," alisema. "Afadhali ulie sasa hivi kuliko kulia wakati chako kimeshachapishwa."

Nilisoma nimesimama. Mama yule alisombwa na maji, mistari miwili tu, kisha hadithi ikaendelea na mwanawe kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikasirika sana, kama mtu aliyepewa habari ya msiba kwa dharau. Halafu nikashusha pumzi. Wangu alikuwa ameshavuka. Wiki hiyohiyo nilipeleka mswada kwa mchapishaji.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, wenzangu walikuja nyumbani kwangu Iyunga, hapohapo Mbeya, na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Ilikuwa nakala ileile niliyoisoma nimesimama, ambayo kisa chake wote walishakisikia kwangu. Mkuu mpya, kijana mwenye adabu, alikuwa na haya.

"Mama, utusamehe. Kimepaliliwa. Kurasa za mwisho zimedondoka, tumezitafuta hatukuziona."

Nilifungua nyuma. Kinaishia pale mama yule anapovua viatu. Machozi yakanitoka mbele ya wageni.

"Kiko kamili, baba," nikamwambia.