Kamba ya Mwalimu

Kila mwaka shule za Musoma na Bunda huniita niwaeleze wanafunzi siri ya ushindi. Wanataka niseme uvumilivu. Nimelichoka neno hilo.

Nilikimbia mita mia nane. Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni nilikuwa bingwa wa mkoa mara tatu mfululizo, tena peku, maana raba hazikuwepo madukani. Hilo sikulilalamikia, wote tulikuwa peku. Kilichonikata maini ni saa. Timu ya taifa ilichagua watu kwa muda uliotumwa kutoka mikoani, nami nilikosa nafasi kwa sekunde mbili. Mwaka wa pili, mbili tena. Wa tatu, mbili na nusu. Wenzangu wakapanda ndege, mimi nikarudi Butiama kupalilia mihogo. Mama akaniambia kwa upole kwamba labda miguu yangu imeishia hapo. Nikaamini, na mpaka leo linaniuma kwamba niliamini.

Tepu ya kupimia haikupatikana siku hizo. Mwalimu wangu wa michezo, pale Buhare, alipima uwanja wa mashindano ya mkoa kwa kamba ya nailoni ya mita hamsini na kuchora mistari kwa majivu. Mashindano yakiisha, wavuvi waliiazima kamba hiyo kuvutia kokoro, wavu mzito wa kuburuta mpaka ufukweni, wakamshukuru kwa sato. Msimu mwingine akaitumia tena uwanjani.

Biashara ilipofunguliwa, maduka ya Musoma yakajaa vitu. Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto wawili. Nikanunua tepu, nikaiomba ile kamba kwa mwalimu, nikainyoosha chini. Ilizidi kwa mita moja na nusu. Mzunguko mmoja ulikuwa kamba nane, na mimi nilikimbia mizunguko miwili. Mita ishirini na nne za bure, kama sekunde nne hivi. Nafasi ile ilikuwa yangu.

Nikamrudia mwalimu. Hakushtuka hata kidogo.

“Mwanangu, mbona mimi nilikuwaga najua imevutika,” akasema. “Nikasema acha tu, itamkomaza.”

Nikamuuliza kwa nini hakuwaandikia wakubwa. Akajibu kwamba wangeudharau uwanja wake.

Nilianza mazoezi upya, kwa hasira tupu, nikawa bingwa wa taifa nikiwa na miaka ishirini na tisa. Mwaka mmoja tu, kisha goti likakataa. Na mwalimu, sasa mzee wa kuheshimiwa, husimama kwenye kila mahafali akisema ni yeye aliyenikomaza. Watu hupiga makofi.

Mwaka jana, huko Bunda, walinipa kipaza sauti baada yake. Nikatoa tepu mkobani, nikamkabidhi binti aliyeshinda mbio za asubuhi ile.

“Kapime uwanja wenu leo,” nikamwambia mbele ya wote, “kabla hujaambiwa miguu yako imeishia hapo.”

Nikaeleza habari ya kamba, yote, bila kuficha. Mwalimu alikuwa bado anatabasamu. Nilisimama pale mpaka alipoacha.