Lesi ya Bibi Kwenye Kabati la Kioo

Shoga yangu, Mtanzania mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye mtaa wa Sanyuanli, alikuwa akisomea historia ya nguo hapa Guangzhou, China. Mimi kazi yangu ni kuwatafutia wafanyabiashara wa Dar vitambaa pale soko la Zhongda. Jumapili moja nilimwonyesha kitu ambacho sikuwahi kumwonyesha mtu yeyote huku: lesi ya marehemu bibi yangu, upana wake kama sahani, na simba amefumwa katikati.

Nilimsimulia yote. Bibi alikuwa dobi wa masista wa Kibelgiji kwenye misheni moja upande wa Kigoma. Sista mmoja mzee alipougua, bibi ndiye aliyemwogesha na kumlisha, na yule sista kabla hajafa akampa lesi ile. Mama wa sista huyo ndiye aliyeifuma kwa mkono wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wameikalia nchi yao, uzi ukaja na misaada ya chakula kutoka nje, na wanawake wakawa wanafuma ili wapate kula. Bibi hakuwahi kuitandika mezani. Alikuwa akiitoa sikukuu, anatuambia tuishike kwa mikono mikavu, kisha anairudisha sandukuni.

Shoga yangu alilia. Baadaye akaniambia kuna makumbusho madogo yanaandaa maonyesho ya lesi za Ubelgiji, zikiwemo zilizofumwa wakati wa vita.

"Niazime ya bibi," alisema. "Wataitunza vizuri, na siku ya ufunguzi utaitwa."

Nikampa bila wasiwasi wowote. Kila nilipomuuliza, alijibu, "Bado, shoga. Wanapanga."

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu, mama wa Kikongo anayenunua lesi za mashine za kushonea magauni ya harusi. Tulikuwa dukani tunapapasa vitambaa, akasema, "Mama, nimeziona zile za mkono kule makumbusho. Dada mmoja wa kwenu anazieleza mpaka watu wanafuta machozi."

Kesho yake nilipanda treni nikaenda. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo, imewekwa juu ya kitambaa cheusi, nzuri kuliko nilivyowahi kuiona. Pembeni kulikuwa na kibao chenye jina la shoga yangu: mjukuu wa mwenye lesi. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya wageni, anazungumza Kiingereza.

"Bibi yangu alikuwa dobi wa masista," alisema. "Alikuwa akituambia tuishike kwa mikono mikavu."

Akaniona. Akaendelea mpaka mwisho, na wageni wakampigia makofi.

Nilimkuta kwenye korido.

"Ningekuambia," alisema.

"Lini?"

"Walitaka mtu wa kuieleza. Wewe ungesimama mbele ya maprofesa useme nini? Na ningesema ni ya bibi wa rafiki yangu, isingewagusa."

Nilikwenda kwa mama wa Kichina anayesimamia maonyesho, nikamwonyesha kwenye simu picha ya bibi akiwa na lesi mapajani. Aliitazama, akamwita shoga yangu, akamuuliza huyu bibi wa kwenye picha ni nani. Shoga yangu akainamisha kichwa.

Kibao kiliondolewa siku hiyohiyo. Maonyesho yalipokwisha, yule mama alinikabidhi lesi mwenyewe, imefungwa kwenye karatasi nyeupe. Shoga yangu alikuwa ameshahama nikiwa sokoni. Aliniachia ujumbe mmoja tu: nimemharibia masomo.

Mama yangu alimpenda sana. Kila msafiri aliyekuja huku alipewa dagaa wa Kigoma wa kumletea. Juzi alipiga simu, akauliza mwenzangu anaendeleaje, mbona siku hizi hamsikii.

"Yupo, mama. Amebanwa na shule."

"Mwambie namletea dagaa wengine."

Nikamwambia nitamfikishia.