Kiwele cha Ng'ombe wa Bi Mwanamize

Watu wa Kengeja walisema Bi Mwanamize akisalimiwa huuliza kwanza anasalimiwa kwa nini. Walitia chumvi, lakini si sana. Nazi zake alizitia alama ya mkaa moja moja, na mgeni akichelewa kuaga, yeye alianza kuangaza macho kwenye kabati lake. Mkwe wake alipofariki kwa uzazi, aliachiwa mjukuu, Khairiya, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe wake mmoja tu. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu, na uji wa muhogo ulikuwa haumkai tumboni.

Mwaka wa mvua za Elinino dada yake Bi Mwanamize aliugua huko Msuka, mbali kaskazini. Bi Mwanamize akafunga safari na Khairiya mgongoni. Ndama wa kunyonya alikuwa keshakufa, kwa hiyo Tatu, jirani yake wa ua kwa ua, akajitolea kumkama ng'ombe.

"Majani mpe, ahsante," alisema Bi Mwanamize. "Chuchu usimguse. Nkirudi keshokutwa ntamkama mwenyewe."

"Yatamjaa, shoga."

"Yakae!"

Moyoni alikuwa na lake: leo Tatu atachota kikombe, kesho ndoo, na jicho baya juu yake. Kumbe dada alifariki, barabara ikakatika, na siku mbili zikawa kumi na moja, Khairiya akinyweshwa maziwa ya jamaa wa huko. Aliporudi, kiwele kilikuwa kimenywea. Alikama mpaka vidole vikamuuma, yakatoka matone. Hakuhitaji kuambiwa mwizi ni nani. Akamwita bwana mifugo, Jecha, aje amkague ng'ombe kisha akatoe ushahidi kwa sheha, mkubwa wa kijiji.

Jecha alikibonyezabonyeza kiwele, akauliza ng'ombe alikaa siku ngapi bila kukamwa.

"Bila kukamwa? Kakamwa hadi kakauka! Na aliyemkama namjua."

"Hapana, mama. Angekamwa, maziwa yangekuwapo."

Akamweleza taratibu. Ndani ya kiwele mna seli, vijichembe hai visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyotengeneza maziwa. Maziwa yakilala humo bila kutoka, seli hupata amri ya kufa. Amri hiyo hupokezanwa na protini, moja ikiiamsha nyingine, mpaka seli ijikatekate yenyewe kimyakimya, bila usaha wala harufu, na seli za jirani huyameza mabaki. Ukiwahi kukama siku za mwanzo, amri hutenguka. Ukichelewa sana, basi tena, mpaka ng'ombe azae upya.

"Amri ya nani?" aliuliza Bi Mwanamize. Hata hapo alikuwa bado anamtafuta mtu.

"Hakuna mtu, mama. Ni maziwa kukaa."

Jecha akaenda zake. Bi Mwanamize alibaki amesimama bandani, huku Khairiya akilia njaa ndani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kwani ua ule haukuzuia sauti, na Tatu alikuwa nyumbani kwake, akisikia yote.

Haukupita muda Tatu akaingia na kikombe cha maziwa ya mbuzi wake. Bi Mwanamize alikipokea, akakitazama, mkono ukasita kabla ya kumpa mtoto. Ulisita kidogo tu. Tatu aliona. Akakichukua kikombe, akanywa funda moja mbele yake, akamrudishia.