Kontra ya Mama Merveille ifuate sheria ya wapi?

Asubuhi Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, bado baridi, lakini mashine ya Godelive inalia tayari. Mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitenge, mdomo unagombeza. Fidès, Mrundi anayeshona naye, kaweka zipu inayofungukia ndani.

"We Fidès, mwenye huu mkoba ataingia ndani njo aufungue?"

Fidès anacheka, anafumua.

Godelive hapa watu wanamwita Mama Merveille, kwa jina la binti yake. Katoka Bukavu na mtoto mgongoni. Leo huyo mtoto anamzidi urefu. Miaka yote hiyo ukimuuliza anakaa wapi, jibu ni moja: mi niko wa kupita tu. Hata ukuta wa nyumba hajaupaka rangi.

Mwezi uliopita duka moja la Johannesburg likataka mikoba ya msimu mzima. Mnunuzi wao, Sophie, Mkongomani wa Lubumbashi, akaja Lilongwe na kontra, mkataba wa kusaini. Oda kubwa namna hiyo Godelive hajawahi kuiona. Wanawake wenzake walianza kugawana kazi kabla hata hajaomba ruhusa ya kutoka kambini.

Wakakutana City Centre. Godelive akasoma polepole, akafika pale palipoandikwa kwamba wakigombana itafuatwa sheria ya Afrika Kusini, na kesi itasikilizwa huko huko. Akaweka kalamu chini. Mtu anayeomba ruhusa kuja Lilongwe tu, Johannesburg atafikaje?

Lakini alikuwa amejiandaa. Akatoa karatasi yake, kaiandika vile baba yake, muuza mbao, alivyoandika zake: sheria ya Kongo, tribinali ya Bukavu. Hiyo njo sheria aliyokulia nayo.

Sophie akaisoma. Akauliza kwa upole tu: "Mama, nikikudhulumu, utarudi Bukavu kunishtaki?"

Godelive akaitazama tena karatasi yake. Bukavu ile ile aliyoitoka mbio, bila viatu.

"Pale nilisikia aibu," anasema sasa, akikata uzi kwa meno. "Nilikuwa namuonyesha mtu mlango ambao mi mwenyewe siwezi kuingia."

Angeweza kusaini vile vile. Wengi wangesaini. Yeye akachukua kalamu, akakata Kongo, akakata Afrika Kusini, akaandika sheria ya Malawi, korti ya Lilongwe.

"Si kwenu Johannesburg, si kwetu Bukavu," akamwambia Sophie. "Mikoba inashonwa hapa, inapokelewa hapa, na mi niko hapa."

Sophie akasema lazima aulize wakubwa wake, na wanaweza kukataa. Godelive akamwambia awaulize tu, zikomo, asante, yeye nsima, ugali wa huku, inamngoja. Kambini, Fidès aliposikia oda imeachwa mezani, akanuna siku kadhaa.

Jibu limeingia juzi kwenye simu: wamekubali, Malawi.

Ndiyo maana leo Fidès anagombezwa na bado anacheka. Oda ikiisha, Mama Merveille anataka kuupaka ule ukuta. Binti yake anachagua nyeupe. Mama anakataa, nyeupe inachafuka haraka.

"Nataka ya kukaa," anasema, na mguu unarudi kukanyaga.