Maji ya Kumwogeshea Mtoto wa Haula

Siwema wa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa mkunga, na alikuwa mbishi jamani, mbishi wa kukukera. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza akahakikishe. Nusu ya watoto wa pale walizaliwa mikononi mwake, na kila mmoja alimwogesha papo hapo, kabla mama hajamtia machoni. Mtoto hapokewi na ule utando mweupe, alisema, atakuja kunuka ukubwani. Ndivyo alivyofundishwa na mamake, na nani angembishia?

Mwaka ule meli za gesi zilikuwa zinatoboa bahari mbele ya Palma, na wageni wakisema chini kule kuna moto wa kupikia dunia nzima. Haula, bintiye wa pekee, akashikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Kitoto kikatoka kidogo, chekundu, kinalia kwa sauti nyembamba. Siwema akakiogesha, tena akakisugua sana mgongo na shingo, maana huyu alikuwa mjukuu.

Kabla ya adhuhuri kitoto kikanyamaza. Majirani wakasifu upole wake. Siwema akagusa nyayo, akakuta ni baridi.

Wakapata gari la samaki, wakampakia Haula na kitoto, wakafika hospitali ya Palma. Infermera Chamima, ndivyo manesi wanavyoitwa huku, akauliza kwanza kama mtoto ameogeshwa. Siwema akajibu kwa fahari kwamba ameogeshwa vizuri sana.

Chamima akamweleza kuwa mtoto mchanga hajui kutetemeka. Badala yake ana mafuta ya rangi ya kahawia shingoni na kati ya mabega, si ya kumnenepesha, kazi yake ni kuungua ndani kwa ndani yampe joto. Mafuta hayo hujaa miezi ya mwisho tumboni. Huyu amekuja nayo kidogo tu, na hicho kidogo kimeishia kwenye maji.

Mashine ya kupasha watoto joto haikuwapo. Haula alikuwa na homa, hajitambui. Basi kitoto kikawekwa kifuani kwa bibi yake, ngozi kwa ngozi, kanga mbili juu. Maziwa ya kijiko yalitoka pembeni ya mdomo. Mwanamke aliyejua kugeuza mtoto tumboni sasa hakuwa na la kufanya ila kukaa. Akakaa, akisoma kila dua aliyoijua, magari ya watu wa gesi yakipita nje.

Alasiri akamwita Chamima, "Mwanangu, njoo uone. Amepata joto."

Chamima akapitisha mkono chini ya kanga, akaugusa mgongo mdogo kati ya mabega. Akauacha mkono pale kitambo, akitafuta pumzi.

"Mama, hilo joto ni lako."

Siwema akabisha. Akabisha mpaka magharibi ikaadhiniwa, na hakuna aliyeweza kumtoa mtoto kifuani mwake.