Kanga ya Bibi Juu ya Kompyuta

Enzi zetu pale Ngokolo, kompyuta ilikuwa inavishwa nguo. Wa rika langu mnakumbuka kile kitambaa cha kufuma, chenye maua pembeni, kilichokuwa juu ya redio kabla kompyuta haijaja. Ilifunikwa hata ikiwa inafanya kazi, vumbi lisiingie. Watoto wa siku hizi wanalala nayo kitandani, wanaimwagia chai, halafu wanashangaa ikifa. Sisi tulikuwa tunanawa mikono kwanza.

Baba alizipata tatu kwa mpigo, kutoka ofisi moja ya mgodini huko Geita iliyokuwa inaondoa vitu kuukuu. Zilikuja juu ya lori, zimezungushiwa magodoro. Kubwa ikakaa sebuleni, ya pili chumbani kwa dada Kabula, ya tatu kwenye korido, ambako mimi niliitumia kuchora nyumba na jua. Kwenye ile ya sebuleni akachomeka modemu, kijidude kama kiberiti hivi, kisha akavuta waya wa bluu kupitia darini mpaka kwa zile nyingine mbili. Intaneti ikafika kote. Nikamuuliza imefikaje. Akasema, "Inagawanywa." Nikamuuliza inagawanywa na nani. Akaniambia niende nikacheze.

Basi tukajielewesha wenyewe. Maji ya bomba mtaani kwetu yalikuwa yanaanza kwa walio bondeni, kwa hiyo mimi nikaamini intaneti nayo inateremka, nikaishusha kompyuta ya korido sakafuni ili nipate nyingi. Dada Kabula, na kidato cha sita chake chote, alipoona yake inasuasua naye akaiweka chini. Siku mbili tulikuwa tunaandika tumelala kifudifudi. Mama alikuja kufagia, akatutazama, akaendelea kufagia.

Sasa ikafika siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo cha uuguzi. Dada Kabula alitaka uuguzi tangu mdogo. Mbuzi wa jirani walimjua kwa bandeji. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimechelewa kupatikana, ndiyo maana akabakiwa na siku hiyo moja. Asubuhi nzima alikuwa chumbani anajaza fomu, mlango kaufunga. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Runzewe na furushi la michembe, nasi tukawa tunatafuna viazi vyetu vikavu polepole tusimpigie kelele msomi.

Mchana wingu likajikusanya upande wa Ibadakuli. Waliokulia kwetu wanajua radi ilivyokuwa na masharti yake. Kioo kinafunikwa, nguo nyekundu inavuliwa, mlangoni hasimami mtu, na midomo inafungwa mpaka ipite. Bibi kwa hilo hakuwa na mzaha. Alituzimisha simu zote, akafunika kioo cha ukutani kwa kanga, akafunga mlango wa nje, akaketi kwenye mkeka wake sebuleni, kidole mdomoni.

Chumbani, dada Kabula akabonyeza kutuma. Ukurasa ukawa mweupe, ukabaki mweupe.

Alitoka macho yamemtoka. Akachomoa waya, akaurudisha. Mimi nikaipuliza ncha yake, maana redio tuliipuliza ikakubali. Mama akanong'ona kwamba bando limeisha. Dada akasema ni panya, wametafuna waya darini, akapanda juu ya meza na tochi. Waya ulikuwa mzima. Tulipita mbele ya bibi kwa kunyata labda mara sita, tukiiona kompyuta kubwa imefunikwa kanga, wala hakuna aliyeshtuka. Ni lini ilikuwa haijafunikwa? Baba alikuwa Geita na simu zimezimwa, hapakuwa na wa kumuuliza. Mwisho dada alikaa chini kwenye korido akalia bila sauti, kwa sababu sauti ilikuwa imekatazwa. Niliogopa kweli. Sikuwahi kumwona mtu mzima amechanganyikiwa hivyo.

Mvua ilikatika kwenye saa kumi. Bibi akainuka, akazikunja kanga zake taratibu, akasema, "Hii kubwa niliizima, isije ikatuvutia radi. Zile zenu ndogo nimewaachia."

Dada Kabula aliangalia modemu, akaufuata waya wa bluu kwa macho, ukutani, darini, mpaka mlangoni kwake. Yeye akaelewa kwamba ile kubwa ndiyo iliyokuwa inazigawia ndogo. Mimi sikuelewa, na leo hii nina watoto wawili bado naelewa nusu tu.

Fomu ilibidi aianze upya. Safari hii aliijazia sebuleni, sote tumemzunguka, mama anamsomea cheti, bibi kaweka kiganja juu ya kompyuta ili mtu asije akaizima. Ilikwenda jua halijazama.

"Imefika?" bibi akauliza.

"Imefika, bibi."

"Imepita wapi, na mlango nimeufunga?"

Dada Kabula sasa ni muuguzi, na swali la bibi analo mpaka leo.

Mimi naishi Geita mjini. Nyumba yangu ina kisanduku cheupe chenye taa za kijani, hakina waya wa kufuata kwa macho, nacho kinagawa intaneti vyumba vyote. Wanangu kila mmoja ana kompyuta yake na mlango wake. Mkubwa hunitumia ujumbe kutoka chumbani kuniuliza kama chai iko tayari, nami niko hatua nane kutoka alipo. Enzi zetu waya mmoja ulitukutanisha hata tusipotaka. Huu wa sasa usioonekana sijui unatufanya nini, naona tu milango imefungwa.

Wiki iliyopita radi ilipiga. Bibi aliniachia ile kanga. Nilichomoa kisanduku ukutani, nikakifunika, nikaketi. Haikupita dakika tano milango ikafunguka, wa kwanza, wa pili.

"Mama, mtandao umekatika?"

Nikaweka kidole mdomoni. Wakaketi, mmoja huku, mmoja huku, tukasikiliza mvua ikipiga bati. Mdogo akaniegemea begani, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze sekondari. Radi ilipita mapema sana. Sikuwaambia.