Kitongoji cha Mtu Mmoja

Mwanangu, ipo siku moja hapa Guangzhou ninayoikumbuka, na nitakusimulia ilivyokuwa bila kujipamba. Nilikuwa kijana, nimetoka Lubumbashi, Kifaransa kimenikaa mdomoni. Kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wanunuzi katika soko la vitambaa la Zhongda.

Akanijia mama mmoja Mfaransa, mshonaji, kichwa chote mvi. Tulimwita Madame Odile. Alikuja kumtembelea binti yake aliyefundisha mjini humu, na wenzake wa kwao Ufaransa wakamwagiza kitambaa kirefu cha kutundika katika ukumbi wa meya, kimechapwa ramani ya komuni yao, yaani kata yao ya kijijini. Alikuwa ameichora mwenyewe: mto mwembamba ukikata bonde, mashamba ya ngano, kanisa, msitu wa mialoni upande wa kaskazini, na vitongoji vimetawanyika huku na huko.

Nikamwuliza wako wangapi.

"Tukiingia kanisani sote," akasema, "viti vinabaki."

Shule ilikwisha fungwa, vijana walihamia mijini. Nikacheka moyoni. Mimi niliyezoea kupigana vikumbo katika barabara ya Guangyuan Xilu, niliona ghorofa moja tu ya soko ingewameza wote.

Mchapaji, laoban kama tunavyomwita bosi yeyote hapa, akalalamika kwamba majina ni mengi, herufi zitabanana. Nyuma ya ule msitu palikuwa na kitongoji chenye nyumba moja, na ndani yake mzee mmoja, Marcel. Madame alikuwa amenieleza habari zake. Sikumpigia Madame simu kumwuliza. Nikamwambia laoban, "Hiki kifute." Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende; mimi nilidharau nyumba nzima.

Siku ya kuchukua mzigo, Madame alikitandaza kitambaa mezani, akafuata mto kwa kidole, akapanda nao hadi msituni. Kidole kikasimama.

"Marcel yuko wapi?"

"Madame, ni mtu mmoja tu. Ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu. Tuligombania mpaka wa shamba, hatusalimiani miaka mingi." Akaanza kukikunja kitambaa polepole. "Lakini anakaa kwetu. Siku ya kupiga kura ataingia ukumbini, atajitafuta. Atadhani ni mimi niliyemfuta."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Ndege yake ilikuwa kesho yake jioni. Nikarudi kwa laoban, nikakiri kosa ni langu, nikamwomba achape upya. Akasema mashine zimejaa. Basi nikavua shati, nikashinda kutwa nikimbebea marobota ya vitambaa pamoja na wachukuzi wake, mpaka akalegea. Tukapunguza herufi za jina la komuni yenyewe, kitongoji cha Marcel kikapata nafasi.

Madame alikisoma chote, jina kwa jina. Kisha akasema, "Sasa tumetimia."

Mwanangu, ukipewa kazi ya kusema kwa niaba ya watu, usimpunguze mtu. Ukitatizika, uliza, kuuliza si ujinga. Uchache wa watu si ruhusa ya kuwasahau, wala ugomvi si ruhusa: jirani usiyesalimiana naye bado ni jirani. Mungu akupe macho ya kuwaona walio pembeni, na popote utakapokaa, pasikose mtu wa kuuliza uko wapi.